Nyumba ya Michezo Hujengwa kwa Ajili ya Nani?

Katika mazungumzo haya twakusudia kueleza habari za nyumba ya michezo, yaani nyumba iliyojengwa makusudi ili watu waingie, wakae, wawatazame wenzao wakiigiza, wakiimba na wakicheza ngoma. Wengi hudhani kuwa habari ya nyumba kama hii ni habari ya mawe, chokaa na mabati tu, nayo yawahusu mafundi peke yao. Sivyo. Nyumba ya michezo, kwa jinsi ilivyopangwa, huonyesha ni nani aliyekaribishwa na ni nani aliyeachwa nje. Tutalieleza jambo hili kwa habari za nyumba mbili za Kenya, moja ya mji na moja ya kijiji. Kisha tutatazama Kampala na Bagamoyo, ili sisi tukaao huku Horohoro na pwani yote ya Tanga tujue la kuuliza siku tutakapotaka kujenga yetu.

DESTURI YA KWETU

Horohoro ni mahali pa mpaka. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi kwa mstari uliochorwa juu ya karatasi, na mstari ule ukawakata Wadigo sehemu mbili: hawa wakawa upande wa Tanga, na wale wakawa upande wa Lunga Lunga na Vanga. Walakini ngoma haikukatika. Sengenya, ngoma ya Wadigo, haikuuliza inapigwa upande upi wa mstari.

Tukitazama vema, twaona kwamba ngoma nayo ina ramani yake, ijapokuwa haikuandikwa. Wapigaji hukaa mahali pamoja, wachezaji huwa karibu nao, na watazamaji huwazunguka wote. Hakuna mlango. Mtu akipendezwa hutoka katika duara akaingia kati, akamtunza mpigaji au mwimbaji, kisha akarudi mahali pake. Ndiyo maana wazee walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Mwenye kutunza na mwenye kutunzwa hawatengwi na ukuta.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea pwani ngoma ya beni, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa gwaride la kuiga askari. Jukwaa lao lilikuwa ni njia za mji na viwanja vyake. Baadaye mjini Tanga vyama vya taarab kama Young Novelty, Lucky Star na Black Star vilijipatia sifa pwani nzima. Na katika taarab pia mtu huinuka kitini akaenda mbele kumtunza mwimbaji. Basi asiseme mtu kwamba watu wa pwani hawakujua michezo mpaka walipoletewa nyumba. Michezo ilikuwako, nyumba ndiyo iliyokuja nyuma.

NYUMBA ZA ZAMANI ZA ULAYA

Wala Ulaya hawakuanza na nyumba yenye paa na pazia. Wayunani wa kale waliwaketisha watazamaji juu ya mteremko wa kilima, safu juu ya safu, na uwanja wa kuchezea ukawa chini yao kama kitovu cha bakuli. Mahali pa Epidauros, palipojengwa yapata miaka 2,300 iliyopita, pangali papo hata leo, napo huketisha maelfu ya watu bila paa wala kipaza sauti, na walioketi juu kabisa husikia maneno ya mchezaji aliye chini.

Mjini London, mwaka wa 1599, ilijengwa nyumba iitwayo Globe, ambamo michezo ya Shakespeare ilichezwa. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye umbo la duara, na katikati haikuwa na paa. Maskini walilipa kidogo wakasimama uani karibu na jukwaa. Wenye fedha walilipa zaidi wakaketi pembeni katika ghorofa. Hivyo tajiri na maskini walitazama mchezo mmoja kwa saa moja. Mwaka wa 1613 mzinga ulipigwa wakati wa mchezo, cheche ikaruka juu ya paa la majani lililofunika ghorofa za pembeni, na nyumba nzima ikateketea. Mwaka uliofuata waliijenga tena, lakini safari hii wakaliezeka paa kwa vigae. Sisi tuyajuao makuti hatuna haja ya kuelezwa sababu.

Baadaye sana ndipo Wazungu walipozoea nyumba ya namna nyingine, ambayo jukwaa lake ni kama sanduku lililofunguliwa upande mmoja. Watazamaji hukaa gizani wakielekea upande mmoja tu; mbele yao pana pazia; na taa zote huwaangukia wachezaji. Namna hii ina faida zake. Vyombo vinaweza kubadilishwa nyuma ya pazia, na macho ya watu hayapotei. Walakini mtazamaji hufundishwa kunyamaza na kukaa mahali pake. Akiinuka kwenda kutunza, ataonekana kuwa amevunja adabu. Namna hii ndiyo iliyoletwa Afrika ya Mashariki.

NYUMBA YA NAIROBI

Kituo cha Utamaduni cha Kenya kiliwekwa kwa sheria mwaka wa 1951, na nyumba yake ya michezo, iitwayo Kenya National Theatre, ilifunguliwa mwezi wa Novemba 1952. Aliyealikwa kuifungua alikuwa Sir Ralph Richardson, mchezaji mashuhuri wa Uingereza. Na tuangalie tarehe hizo. Siku ya 20 Oktoba 1952, yaani wiki chache tu kabla yake, serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari katika Kenya, na maelfu ya watu walikuwa wakikamatwa au watakamatwa katika miezi iliyofuata. Nyumba ilipewa jina la taifa katika siku ambazo wengi wa watu wa nchi ile hawakuwa na ruhusa ya kutembea watakavyo.

Mahali pake pia pana habari. Nyumba ile imeelekeana na Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka wa 1904 na kupendwa sana na masetla. Karibu na hapo, tarehe 16 Machi 1922, watu walikusanyika kudai Harry Thuku afunguliwe kutoka kituo cha polisi, wakapigwa risasi, wakafa watu zaidi ya 20. Mwenye kuchagua kiwanja huchagua na jirani. Setla aliyemaliza chakula chake aliweza kuvuka njia akaingia mchezoni. Lakini mfanyakazi aliyekaa mashariki ya mji alikuwa na safari ndefu, na akifika alikuta mchezo wa Kiingereza.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, nyumba ilibaki na jina lake, lakini desturi zake hazikubadilika kwa siku moja. Jambo hilo lilionekana wazi mwaka wa 1976. Kenya ilikuwa ikitayarisha michezo ya kupeleka katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, lililofanyika Lagos mwaka wa 1977. Michezo miwili ilichaguliwa: mmoja wa Francis Imbuga, na mmoja ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo juu ya Dedan Kimathi, ambao baadaye ulifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Michezo hiyo ya wenyeji ilipewa siku chache tu katika nyumba ya taifa, kwa sababu nafasi nyingine zilikwisha kutolewa kwa michezo ya kigeni.

Lakini siku zile chache watu walijaa. Usiku wa kwanza wa mchezo wa Kimathi, wachezaji walishuka jukwaani wakiimba, wakapita katikati ya watazamaji, na watazamaji wakainuka wakafuatana nao mpaka nje, wakicheza njiani. Walipotaka kuvuka kuelekea ile hoteli, polisi waliwazuia. Jambo hili twaliona kuwa kubwa katika historia ya nyumba ile. Iliyojengwa kuwatenga wachezaji na watazamaji iligeuzwa, kwa usiku mmoja, ikawa uwanja wa ngoma.

NYUMBA YA KAMĨRĨĨTHŨ

Sasa tuende Limuru, mwendo mfupi kutoka Nairobi, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Kijiji hiki kilianzishwa wakati wa hali ya hatari, watu walipoondolewa katika makazi yao wakakusanywa mahali pamoja ili walindwe na askari. Katika miaka ya 1970 wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na wakulima wenye vishamba vidogo. Mwaka wa 1976 walianza masomo ya watu wazima katika kituo chao, wakajifunza kusoma na kuandika kwa lugha yao. Kisha wakataka mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuandika mchezo kwa Kikikuyu, na wanakijiji wakausahihisha, wakiongeza nyimbo na kurekebisha maneno. Wenye kusoma Kiswahili waujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Mchezo ulitaka mahali. Hawakuwa na nyumba, wala hawakungoja serikali iwajengee. Walijenga wenyewe. Kwanza walipanga mfano mdogo wa jukwaa kwa vijiti vya kiberiti juu ya kipande cha ubao. Walipokwisha kuuangalia na kukubaliana, ndipo walipoanza kazi juu ya ardhi. Jukwaa lilikuwa limeinuliwa, lenye umbo la nusu duara, na nyuma yake palikuwa na ukuta wa mianzi wa nusu duara vilevile. Nyuma ya ukuta ilikuwako nyumba ndogo ya vyumba 3, ya kuwekea vyombo na ya kubadilishia mavazi. Watazamaji walikaa juu ya mabao marefu yaliyopangwa kama ngazi, hata walio nyuma waone. Paa halikuwako. Mahali pale paliweza kuketisha watu zaidi ya 2,000.

Na tuangalie jinsi ilivyopangwa. Viti na jukwaa vilikuwa karibu kama kitu kimoja kilichoendelea. Wanakijiji walikuja kutazama hata mazoezi, wakasema, "Hapa si hivyo, mzee hasemi namna hiyo," na wachezaji wakasahihisha. Hivyo siku ya kufungua, tarehe 2 Oktoba 1977, mchezo haukuwa mgeni kwa mtu. Watu walikuja kutoka mbali kwa magari na kwa miguu.

Tarehe 16 Novemba 1977 ruhusa ya kuucheza ilifutwa. Mwisho wa Desemba mwaka uleule Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978. Mwaka wa 1982 watu wa Kamĩrĩĩthũ walitayarisha mchezo mwingine wenye nyimbo nyingi, nao wakataka kuucheza katika nyumba ya taifa Nairobi. Walipofika, walikuta milango imefungwa. Wakahamia katika ukumbi wa Chuo Kikuu kufanya mazoezi yao, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi yale kwa kuwa mchezo wenyewe hawakuweza kuuona, mpaka hayo nayo yakakatazwa. Mwezi wa Machi 1982 kituo chao kikafutwa katika daftari la serikali, na polisi wakaja na malori wakaubomoa ukumbi ule wa mbao na mianzi.

Hapa yafaa tujiulize. Kwa nini serikali yenye majeshi iliogopa mabao na mianzi? Jibu letu ni kwamba haikuogopa mabao. Iliogopa jinsi watu walivyopangwa juu ya mabao yale: wakionana nyuso, wakisikia lugha yao, wakijua kwamba mahali pale ni pao. Nyumba ya Nairobi ilifungwa kwa ufunguo, kwa sababu ufunguo ulikuwa mkononi mwa serikali. Ya Kamĩrĩĩthũ haikuwa na mlango wa kufunga, basi ilibidi ibomolewe.

KAMPALA NA BAGAMOYO

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila nyumba ya matofali ni ya kigeni siku zote. Nyumba ya michezo ya Kampala ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1959. Waliochora ramani yake ni Peatfield na Bodgener, wasanifu waliochora pia nyumba ya Bunge la Uganda. Ilijengwa kwa mfano wa Ulaya. Lakini katika miaka ya 1960 mshairi Okot p'Bitek alipowekwa kuiongoza, alileta ndani yake ngoma na nyimbo za watu wa nchi. Jengo ni lilelile. Aliyebadilika ni mwenye kuandika ratiba. Walakini nyumba hii nayo ilionja uchungu. Mwaka wa 1977 Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wake na mwandishi wa michezo kwa Kiganda, aliuawa katika utawala wa Idi Amin.

Kwetu Tanzania, Chuo cha Sanaa kiliwekwa Bagamoyo mwaka wa 1981, ili vijana wafundishwe ngoma, muziki na michezo ya kuigiza pamoja, kwa kuwa katika desturi zetu mambo haya hayatengwi. Tangu mwaka wa 2007 chajulikana kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake limewaleta wachezaji wa nchi nyingi ufukoni mwetu. Mwaka wa 2002 ukumbi wake mkubwa uliteketea kwa moto, kisha ukajengwa upya. Na ile nyumba ya Nairobi, baada ya kufungwa ili itengenezwe, ilifunguliwa tena mwaka wa 2015, na leo michezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine za nchi huchezwa humo.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUJENGA

Kutokana na habari hizi twapata maswali matano, ambayo mji wowote au kijiji chochote chafaa kuyauliza kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

La kwanza ni mahali. Je, mwenye kwenda kwa miguu atafika, naye atarudi salama usiku? Kiwanja kizuri kilicho mbali na watu ni kiwanja kibaya.

La pili ni sauti. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde moja. Ikigonga ukuta mgumu ulio mbali kupita mita 17, hurudi imechelewa, na sikio huisikia kama neno la pili juu ya la kwanza. Basi ukumbi mkubwa wenye kuta tupu huharibu maneno, na mvua ikinyesha juu ya mabati matupu hakuna asikiaye kitu. Penye kilima, tufanye kama Wayunani: watu wakae mtelemkoni, mchezaji awe chini. Pasipo kilima, viti na vipangwe kama ngazi, kwani sauti na macho hupita njia moja. Asiyeona uso wa mchezaji aghalabu hasikii maneno yake pia.

La tatu ni upepo na joto. Sisi wa pwani twajua kaskazi na kusi. Ukumbi uliofungwa pande zote utawachosha watu kabla mchezo haujafika katikati. Madirisha na yaelekee upepo, lakini jukwaa lisielekee jua la magharibi, au wachezaji watafumba macho.

La nne ni milango. Mjini Chicago, katika Marekani, tarehe 30 Desemba 1903, moto ulizuka katika nyumba mpya ya michezo iitwayo Iroquois wakati imejaa wanawake na watoto. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ilifunguka kwa shida, wakafa watu zaidi ya 600. Tangu hapo imekuwa kanuni kwamba milango ya ukumbi iwe mingi, ifungukie nje, wala isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani.

La tano, nalo ndilo kubwa, ni ufunguo. Nani atakayeamua ni mchezo gani, wa lugha gani, siku gani, na kwa kiingilio gani? Swali hili halichorwi katika ramani ya msanifu, kwa hiyo husahauliwa. Kisha jengo hukamilika, hufunguliwa kwa hotuba, na wenye nchi huambiwa kwamba nafasi zimekwisha kutolewa.

Hatusemi kwamba ukumbi usio na paa ni bora kuliko wenye paa. Wa Kamĩrĩĩthũ haukuwakinga watu na mvua, na katika masika yetu jambo hilo si dogo. Nyumba yenye paa, taa na vyumba vya kuvalia ni msaada mkubwa kwa wachezaji na kwa shule. Twasema tu kwamba watakaoitumia waitwe kabla ramani haijachorwa, siyo baada ya pazia kushonwa. Mpigaji wa sengenya anajua ngoma yake yataka nafasi kiasi gani. Mwimbaji wa taarab anajua watunzaji watapita wapi. Na wakiulizwa, watajibu.

Tukimaliza, twawapa wanafunzi kazi ndogo. Chukueni ubao na kibweta cha vijiti vya kiberiti. Pangeni jukwaa, pangeni viti, acheni njia ya mtunzaji na milango ya hatari. Kisha waiteni wazee wautazame mfano wenu, nanyi msikilize watakaposema, "Hapa si hivyo."